Uzi maalumu: Kutambua maganda ya zamani ya risasi za revolva za kijeshi, na lipi linafaa kujazwa upya

#1 – Mleta uzi

Wakuu, ganda kuingia kwenye silinda si uthibitisho wa chochote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa linaloharibu revolva za kale zilizovuka vita mbili bila kudhurika. Mtu anapata mkebe wa maganda ya kijeshi, anachukua moja, anaona limeingia, basi anaamua kuwa ndilo lenyewe. Watengenezaji wa zamani walifanya kaliba (saizi za risasi) nyingi zenye vipimo vinavyokaribiana mno, na silinda haina uwezo wa kukataa kila kisichoifaa.

Uzi huu ni kwa wenye leseni na kwa wakusanyaji. Sheria za kujaza risasi upya zinatofautiana kati ya nchi na nchi, na kuna mahali hata ganda tupu linahesabiwa, kwa hiyo kila mmoja aanzie kwenye sheria inayomhusu. Vipimo vya baruti sitaviandika hapa. Vinatafutwa kwenye vitabu vya watengenezaji wa baruti yenyewe, kwa kaliba husika na silaha husika, si kwenye uzi.

Mimi naanza na sumaku kabla hata ya kusoma maandishi. Ganda likinasa ni la chuma, hata kama limepakwa rangi ya shaba, na linakwenda pembeni. Kisha venia kalipa (kipimio chenye taya). Pima urefu wa ganda, kipenyo cha mwili juu kidogo ya ukingo, kipenyo cha ukingo, unene wa ukingo na kipenyo cha ndani cha mdomo. Unene wa ukingo ndio wengi wanauruka, na ndio unaotenganisha maganda yanayofanana kwa kila kitu kingine. Mhuri wa kitako unafuata, na mwisho tochi ndani ya ganda.

Tochi inaonyesha mambo mawili. La kwanza ni tundu la moto, linalopitisha mwako wa fataki (kikombe kidogo cha kitakoni kinacholipuka kikipigwa) hadi kwenye baruti. Likiwa moja katikati, ganda ni la mfumo wa Boxer, ambao fuawe yake (kipande kigumu ambacho fataki hubanwa dhidi yake ikipigwa) imo ndani ya fataki, na fataki iliyotumika inasukumwa nje kwa pini. Yakiwa mawili madogo pembeni ni Berdan, yaani fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe. Mifumo yote miwili ilizaliwa miaka ya 1860. Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Marekani ilishika njia ya Boxer, na majeshi mengi ya Ulaya yakashika ya Berdan.

La pili ni umbo la kitako kwa ndani. Maganda ya zamani sana yana kitako chembamba: shimo la fataki limechomoza ndani kama kimnara, na pembeni yake kuna mfereji unaolizunguka. Ya baadaye yana kitako kilichojaa shaba, sakafu bapa. Aina ya kwanza ni dhaifu na ina nafasi kubwa zaidi ndani, kwa hiyo kiasi kilekile cha baruti hakitoi shinikizo lilelile katika aina zote mbili. Kamwe zisichanganywe kwenye fungu moja. Maoni yangu ni kwamba zenye kitako chembamba zibaki kwenye makusanyo.

#2

Mkuu, asante kwa uzi. Nina maganda yenye mhuri wa K, mwaka wa tarakimu mbili, .380 na 2Z. Jamaa mmoja kaniambia ni .380 ya bastola ndogo za kujirudia, lakini haya yangu yana ukingo uliotokeza. Kuna mwingine akasema ni .38 Special iliyokatwa. Nani mkweli?

#3 – Mleta uzi

Hakuna mkweli kati yao, mkuu. Hayo ni ya revolva ya jeshi la Uingereza, familia ya .38/200, ambayo Wamarekani wanaijua kama .38 S&W. K ni Kynoch, kampuni ya Uingereza ya kutengeneza risasi. Tarakimu mbili ni mwaka. Namba inayofuata .380 ni toleo: ya zamani iliandikwa kwa namba za Kirumi, na tangu katikati ya miaka ya 1940 Waingereza wakahamia namba za kawaida. Herufi Z maana yake risasi ilijazwa baruti ya nitroselulosi badala ya kordaiti, baruti ya Kiingereza isiyo na moshi.

Toleo la kwanza lilikuwa na kichwa cha madini ya risasi pekee, bila koti, cha grini 200 (grini ni kipimo kidogo cha uzito), na ndiko ile 200 ya jina ilikotoka. Toleo la pili, mwishoni mwa miaka ya 1930, likaleta kichwa cha grini 178 chenye koti la metali. Revolva yake mashuhuri ni Enfield No. 2, na wakati wa vita Smith & Wesson wakatengeneza nyingi za kaliba hiyohiyo kwa ajili ya Uingereza na makoloni yake, zile zinazoitwa Victory.

Sasa vipimo. Ganda la .38 S&W lina urefu wa karibu milimita 19.7 na mwili wa karibu milimita 9.8. Ganda la .380 ya bastola halina ukingo uliotokeza na urefu wake ni milimita 17.3. La .38 Special ni refu, karibu milimita 29.3, lakini ni jembamba, karibu milimita 9.6 pale chini. Kichwa cha .38 S&W ni cha inchi 0.361 hivi, cha Special ni 0.358 au chini kidogo. Ndiyo maana kukata Special ili kupata S&W ni njia mbovu. Ganda linacheza ndani ya chemba (tundu la silinda linalopokea risasi), linavimba upande mmoja, na baada ya mizunguko michache linapasuka.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini kwenye maganda yaliyookotwa. Baada ya vita, revolva nyingi za Victory za Uingereza ziliuzwa kiraia, na wauzaji wakazichonga chemba ziingie .38 Special. Sehemu ya nyuma ya chemba ilibaki pana kama ilivyokuwa. Ukikuta maganda ya Special yaliyovimba chini kidogo ya katikati, au yenye ufa wa kusimama, yametoka kwenye silaha ya namna hiyo. Usiyabane yarudi kwenye umbo ukayajaza tena. Shaba hiyo imekwisha nyooshwa kupita inavyotakiwa.

Na kwa kuwa .38 S&W ilianza enzi za baruti nyeusi, katika karne ya 19, zipo revolva ndogo za kukunjika za kaliba hiyo ambazo ni dhaifu mno. Kikomo cha shinikizo cha Wamarekani kwa .38 S&W ni 14,500 psi (pauni kwa inchi ya mraba), dhidi ya 17,000 za .38 Special. Ganda likiwa salama, bado silaha inaweza isiwe salama.

#4

Naomba niongezee upande wa .455, kaliba ya revolva za Webley za jeshi la Uingereza, maana nimeishughulikia kwa muda mrefu na ninaipenda kuliko kaliba zote za revolva.

Mhuri wa kitako wa .455 unaweza kuwa na K ya Kynoch, RL ya Royal Laboratory pale Woolwich, KF ya Kirkee nchini India, DC au DAC kutoka Kanada, na wakati mwingine alama ya mshale mpana unaoonyesha mali ya serikali. Lakini pima kwanza. Toleo la kwanza la 1891 lilikuwa na ganda refu, karibu milimita 22, kwa ajili ya baruti nyeusi. Kordaiti haikuhitaji nafasi yote hiyo, kwa hiyo toleo la pili la 1897 likafupishwa hadi karibu milimita 19. Wakanada waliendelea na ganda refu. Yote mawili yanaingia Webley, lakini kiasi cha baruti cha ganda refu hakiwekwi kwenye fupi, maana nafasi imepungua na shinikizo linapanda.

Kuna ganda jingine la .455 linalowadanganya watu: la bastola ya kujirudia ya Webley iliyotumiwa na jeshi la wanamaji la Uingereza. Lina ukingo mdogo na mfereji wa kung'olea juu yake, na ni la shinikizo la juu zaidi. Hilo si la revolva, kwa hali yoyote.

Mkikosa maganda mazuri, .45 Colt ndiyo baba mlezi wa .455. Mwili wake ni uleule, milimita 12.2. Hukatwa urefu, na ukingo wake hupunguzwa unene kwenye mashine ya kukereza, kwa sababu wa Colt una karibu milimita 1.5 na wa .455 unazidi kidogo 1. Ukingo ukiachwa mnene, silinda haifungi vizuri au inakwama ikizunguka. Punguzeni upande wa mbele wa ukingo, si ule wa kitako, ili shimo la fataki libaki na kina chake.

Kichwa kiwe cha madini laini ya risasi chenye shimo kwenye kitako chake. Webley nyingi zina midomo ya chemba myembamba kuliko mifereji ya mtutu, hivyo kichwa kinabanwa kikitoka kwenye silinda kisha kinatakiwa kutanuka tena ndani ya mtutu. Kile chenye kitako cha shimo kinatanuka. Kile kigumu kinapita kikiyumba, na karatasi ya shabaha inaonyesha matundu ya pembeni.

#5 – Mleta uzi

Nakuunga mkono mkuu #4, na hapohapo niweke onyo ambalo ningependa lisomwe na kila mwenye Webley. Baada ya vita, maelfu ya Webley zilikerezwa nyuma ya silinda ili zipokee .45 ACP, risasi ya bastola ya jeshi la Marekani, kwenye klipu za nusu duara. Zinaingia vizuri, zinafyatuka, na ndipo hatari ilipo. Kikomo cha .45 ACP ni 21,000 psi. Kwa .455 viwango vya Ulaya vinaishia bar 900, yaani karibu 13,000 psi. Risasi ya kawaida ya .45 ACP ya kiwandani ni mzigo ambao silinda hiyo haikuundwa kuubeba kila siku, na ziko Webley zilizopasuka silinda kwa sababu hiyo. Mwenye silaha iliyokerezwa anaweza kutumia ganda la .45 ACP, ila shinikizo libaki la .455.

#6

Mleta uzi, nimesikia habari ya zebaki kwenye fataki za zamani. Ganda langu linang'aa kama jipya. Bado ni tatizo?

#7 – Mleta uzi

Ni tatizo, na kung'aa hakusemi lolote. Ngoja niliweke sawa, kwa sababu watu wanachanganya uharibifu wa aina mbili.

Fataki nyingi za zamani zilikuwa na potasiamu kloreti. Ikiungua inaacha chumvi, potasiamu kloridi, inayovuta unyevu wa hewa na kuutia mtutu kutu. Dawa yake ni maji ya moto, kwa sababu chumvi inayeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta. Hii inaumiza silaha zaidi kuliko ganda.

Zebaki ni habari nyingine. Fataki zenye fulminati ya zebaki zikilipuka, zebaki inabaki na kuungana na shaba ya ganda, na kuifanya iwe kavu na ya kuvunjika. Enzi za baruti nyeusi masizi yalikuwa mengi kiasi kwamba zebaki nyingi ilibebwa nayo. Baruti isiyo na moshi haiachi masizi hayo, hivyo zebaki inakaa ndani ya shaba. Jeshi la Marekani liliacha zebaki mapema, kabla ya karne ya 19 kwisha, lakini likaendelea na kloreti hadi miaka ya mwanzo ya 1950. Waingereza walibaki na mchanganyiko wenye zebaki kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ganda la Marekani la mwaka 1943 lililookotwa na kuoshwa mapema laweza kuwa na maisha mbele yake, wakati la Uingereza la mwaka huohuo mimi silijazi.

Kama hujui fungu lako lilikotoka, toa kafara maganda kadhaa. Kamata mdomo wa ganda kwa koleo na uuminye taratibu hadi ulale. Shaba yenye afya inakunjwa. Shaba iliyokaushwa na zebaki inakatika, na ukiona hivyo weka fungu lote pembeni, siyo yale uliyoyavunja tu. Jaribio jingine la haraka ni kuyatikisa machache pamoja kwenye kiganja na kusikiliza: lenye ufa linatoa sauti iliyokufa hata kama ufa hauonekani kwa macho.

#8

Kwa kung'arisha, mimi natumia dawa ya kusafishia yenye amonia. Uchafu wote unatoka dakika moja, shaba inarudi njano safi.

#9 – Mleta uzi

Mkuu #8, acha leo. Amonia na shaba ya manjano ni maadui wa kale. Jeshi la Uingereza huko India liliona risasi zake zikipasuka zenyewe ghalani msimu wa mvua, bila kuguswa na mtu. Risasi zilikuwa zimehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, na amonia ya mkojo iliyochanganyika na unyevu wa hewa ilikuwa inashambulia shaba pale ilipokuwa na mkazo uliobaki tangu kiwandani. Mwaka 1921 wanametalurgia walieleza kisa na tiba yake, ambayo ni kupasha shaba joto la wastani ili kuondoa mkazo.

Maganda yako ya zamani yana mkazo huo, na yamekaa nao miongo mingi. Tumia maji ya moto yenye sabuni na tone la asidi ya sitriki, suuza vizuri, anika. Au mashine ya kutikisa yenye punje za mahindi zilizosagwa. Madoa yakibaki, yaache. Doa la kahawia haliharibu shabaha.

Kuhusu kupasha moto midomo, fanyeni kwa mdomo tu, ganda likiwa limesimama ndani ya maji hadi zaidi ya nusu. Maganda ya revolva ni mafupi na joto linafika kwenye kitako upesi. Kitako kikilainika, ganda hilo halifai tena kwa kazi yoyote, na hakuna njia ya kulirudishia ugumu ukiwa nyumbani.

#10

Na Nagant je? Nina maganda marefu ya Kisovieti, na nasikia watu wanatumia .32-20 (risasi ya zamani ya Kimarekani) badala yake. Pia nina machache ya Kifaransa ya 8 mm.

#11

Nijibu mimi hili. Nagant ya 1895 ni revolva ya peke yake: ukivuta kifyatulio, silinda inasogea mbele na kukumbatia nyuma ya mtutu. Ganda lake lina karibu milimita 39, kichwa kimezama chote ndani, na mdomo wa ganda ndio unaoingia kwenye mtutu na kuziba gesi. Ganda la .32-20 lina milimita 33 na kitu. Linaingia, linapiga, lakini halifiki kuziba chochote. Ukifanya hivyo umeigeuza Nagant kuwa revolva ya kawaida yenye kifyatulio kizito.

Maganda ya Kisovieti ni Berdan. Kung'oa fataki ya Berdan kunawezekana kwa ndoano au kwa shinikizo la maji, lakini fuawe ikikwaruzwa ganda limekwisha, na kupata fataki mpya za ukubwa sahihi ni kazi. Viwanda vya Prvi Partizan na Fiocchi vimetengeneza risasi za Nagant zenye mfumo wa Boxer. Nunua hizo, piga, okota, jaza. Ya Kisovieti yaweke kwa ajili ya mhuri wake.

Kwa 8 mm ya Kifaransa, ya revolva ya 1892, hapo .32-20 inafaa kweli. Hukatwa hadi karibu milimita 27 na kupitishwa kwenye kalibu yake. Vitako havitofautiani sana.

#12

Nimepata .45 ACP yenye mhuri EC 43 kwenye sanduku moja na klipu za M1917, revolva ya jeshi la Marekani. Sumaku imenasa. Na mengine yana FA, fataki zake hazitoki kirahisi.

#13 – Mleta uzi

EC ni kiwanda cha Evansville kilichoendeshwa na Chrysler wakati wa vita, na maganda yake ni ya chuma. Yalitengenezwa kuokoa shaba, yapigwe mara moja yaishe. Kuna wanaoyajaza. Mimi sioni sababu, .45 ACP ya shaba ipo kila kona.

FA ni Frankford Arsenal. Fataki haitoki kirahisi kwa sababu jeshi lilikaza shaba pembeni yake ili isirudi nyuma. Itoe kwa pini imara, kisha ondoa ule mkazo kwa kikwangulio au kwa kifaa cha kusukuma kabla ya kuweka fataki mpya. Ukilazimisha fataki mpya ipite kwenye mkazo huo itapinda, na fataki iliyopinda kwenye mashine ya kujazia haitabiriki. Ni vivyo hivyo kwa maganda ya .38 Special ya M41, yaliyotengenezwa kwa ajili ya marubani wa jeshi la anga, yenye mihuri kama WCC na RA.

Na kwa kuwa unayo M1917: kama klipu zinakusumbua, tafuta maganda ya .45 Auto Rim. Kampuni ya Peters iliyatoa mwaka 1920 kwa revolva hizo hizo, yakiwa na ukingo mnene unaojaza nafasi ya klipu.

#14

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ganda la rangi nyekundu ya shaba safi, kama la .45, kitako bapa kabisa hakina fataki wala maandishi. Juu kidogo ya ukingo kuna mibano miwili. Ni la fataki ya ukingoni?

#15 – Mleta uzi

Hapana mkuu, na tafadhali usilipeleke kwenye mashine yoyote. Hilo ni la Frankford la miaka ya 1870, la fataki iliyofichwa ndani, mfumo wa Benet. Mibano miwili uliyoiona ndiyo inayoshikilia kikombe cha fataki kwa ndani. Wakati huo Frankford hawakuwa wameanza kupiga mihuri, ndiyo maana kitako ni kitupu. Pima urefu: likiwa karibu milimita 28 ni la revolva ya Schofield, likikaribia 33 ni la Colt. Angalia katikati ya kitako kama kuna alama ya pini. Isipokuwepo, fataki yake bado ni hai, kwa hiyo usiligonge, usilitoboe na usilipashe moto. Usiling'arishe pia, wakusanyaji wanalitaka na rangi yake ileile. Weka picha ya kitako na ya mibano hapa, tukusaidie kulitenga kabla hujaliandikia lebo.